Marekebisho ya Kazi na Mbunifu wa Kujitegemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wateja karibu katika kila kazi ninayoifanya nikiwa mbunifu wa michoro wa kujitegemea. Mara kadhaa nimekuwa mteja mwenyewe, nikimsubiri mwenzangu anitengenezee kitu, kwa hiyo najua pande zote mbili zinavyokereka. Jambo moja litajirudia humu: mweleze mbunifu tatizo liko wapi na linamkwaza nani, kisha mwachie yeye atafute namna ya kulitatua.

## Mambo ya msingi

1. "Awamu ya marekebisho" maana yake nini?

Mbunifu anakuletea toleo la kazi. Unalitazama, unakusanya maoni yako yote mahali pamoja, unayatuma, naye anakurudishia toleo jipya lenye mabadiliko hayo. Hiyo ni awamu moja. Makubaliano mengi huweka awamu mbili au tatu ndani ya bei ya kazi.

Wengine hudhani kila ujumbe ni sehemu tu ya mazungumzo na hauhesabiki. Lakini ukituma ujumbe asubuhi kuhusu rangi, mwingine mchana kuhusu nembo, na wa tatu usiku kuhusu namba ya simu, mbunifu amefungua faili lilelile mara tatu, na huenda badiliko la usiku limevuruga alichokipanga mchana. Kusanya kwanza, ndipo utume.

2. Marekebisho yanaishia wapi na kazi mpya inaanzia wapi?

Kipimo changu ni maelezo ya kazi mliyokubaliana mwanzoni. Kama unachoomba kinaifanya kazi itimize yale maelezo vizuri zaidi, hayo ni marekebisho. Kama unayabadilisha maelezo yenyewe, hiyo ni kazi mpya. Kubadilisha picha iliyoko kwenye kipeperushi ni marekebisho. Kugeuza kipeperushi cha ukurasa mmoja kiwe kijitabu cha kurasa nane ni kazi mpya, hata kama maneno na picha ni vilevile.

Katikati kuna eneo lenye utata: kuongeza lugha ya pili, kutoa saizi nyingine kwa ajili ya mitandao ya kijamii, kubadilisha jina la biashara kazi ikiwa nusu. Kwa mambo hayo uliza kabla hujaagiza: "Hili liko ndani ya makubaliano yetu au lina malipo yake?" Hakuna mbunifu makini atakayechukizwa na swali hilo. Linalochukiza ni kazi ya ziada kupenyezwa ndani ya orodha ya marekebisho kana kwamba ilikuwapo tangu mwanzo.

3. Naweza kufanya nini kabla kazi haijaanza ili marekebisho yawe machache?

Leta maandishi ya mwisho, yaliyokwisha kuhaririwa. Kati ya yote nitakayoyasema hapa, hili ndilo linalookoa muda mwingi kuliko mengine. Mpangilio wa ukurasa hujengwa kwa kufuata urefu wa maneno, na kichwa cha maneno matatu kikigeuka kuwa cha maneno kumi na moja, kila kilicho chini yake kinasukumwa.

Mweleze pia ni nani atakayeitazama kazi, ataiona wapi (kwenye simu, ukutani, mkononi), na unataka afanye nini baada ya kuiona. Kama kuna kitu kisichoguswa, mathalani rangi rasmi za taasisi, kitaje siku ya kwanza.

## Kuandika maoni yanayoeleweka

4. Naona kuna kitu hakijakaa sawa lakini sijui nikieleze vipi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wateja wengi huliuliza kwa aibu, wakidhani wanapaswa kujua lugha ya kitaalamu. Huhitaji lugha hiyo. Unahitaji kueleza macho yako yalikwenda wapi na ulijisikiaje.

Jaribu hivi. Funga kazi, pumzika dakika chache, kisha ifungue tena na uitazame kwa sekunde tano tu. Andika ulichokiona kwanza, ulichokitafuta ukakikosa, na mahali ulipolazimika kurudia kusoma. "Nimeona picha kwanza, nikatafuta tarehe, nikaipata baadaye sana kule chini." Kwa mbunifu, sentensi hiyo ni dhahabu. Inamwambia kwamba mpangilio wa umuhimu umekosewa, na tarehe inahitaji nguvu zaidi.

Maneno kama "haina mvuto", "iwe ya kisasa" au "ichangamke kidogo" hayana kosa, ila kila mtu ana picha yake ya uchangamfu. Ukiyatumia, ongeza "kwa sababu". "Haijachangamka, kwa sababu wasomaji wetu ni vijana wa sekondari na hii inafanana na tangazo la benki." Sasa anajua pa kuanzia.

5. Nimwambie cha kufanya, au nimweleze tatizo tu?

Mweleze tatizo. Niliwahi kutengeneza bango la tukio, na mteja akaniandikia: "Kuza nembo." Nikaikuza. Ikabana kichwa cha habari, akaomba kichwa kipunguzwe. Kichwa kilipopungua picha ikaonekana kutawala, akaomba picha ipunguzwe. Tulipofika toleo la sita nikampigia simu, nikamuuliza kilichomsumbua mwanzoni hasa ni nini. Akasema watu aliowaonyesha bango hawakujua tukio ni la nani. Nembo ilikuwa kubwa vya kutosha, ila ilikuwa imekaa pembeni pasipotazamwa. Tuliihamishia juu ya kichwa cha habari, kwa ukubwa wake wa kwanza, na kazi ikaisha siku hiyohiyo. Nilipaswa kumuuliza tangu toleo la kwanza, na tangu hapo huuliza.

Kila oni liwe na vitu vitatu: mahali, kinachotokea hapo, na kinamletea msomaji shida gani. Ukiwa na wazo la dawa, liandike pia, lakini liite pendekezo.

Hata hivyo, mambo ya uhakika yanatolewa kama agizo la moja kwa moja: tahajia ya jina, tarehe, namba ya simu, bei, maneno yanayotakiwa kisheria. Huko hakuna cha kubuni.

6. Orodha nzuri ya maoni inafananaje?

Chukua mfano huu wa kipeperushi, toleo la pili:

> 1. Ukurasa wa mbele, kichwa cha habari: kinasomeka vizuri, kibaki hivyo.
> 2. Ukurasa wa mbele, chini kulia: namba ya simu haionekani nikiwa nimesimama hatua mbili. Wengi wataisoma ikiwa imebandikwa ukutani.
> 3. Ukurasa wa nyuma, aya ya pili: "Julai 14" iwe "Julai 16". (Lazima)
> 4. Ukurasa wa nyuma, picha: wanaoonekana ni watu wazima tu, na mafunzo ni ya watoto. Naambatanisha picha tatu, chagua inayofaa.
> 5. Rangi ya kijani: mimi binafsi siipendi sana, ila ukiona inafaa iache. (Si lazima)

Ina mambo matano tu, lakini mbunifu anaweza kuyafanyia kazi bila kukupigia simu hata mara moja. Namba zinasaidia naye akijibu: "La 4 nimechagua picha ya pili, la 5 nimeiacha." Alama za "lazima" na "si lazima" zinamwonyesha pa kutumia nguvu. Bila alama hizo atadhani yote yana uzito mmoja, na anaweza kutumia saa mbili kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu.

7. Nianze na mambo makubwa au madogo?

Makubwa kwanza. Katika toleo la kwanza zungumzia mwelekeo, mpangilio na hisia ya jumla. Nafasi kati ya herufi na nukta iliyosahaulika ziache hadi toleo la mwisho, kwa sababu huenda aya yenyewe ikaondolewa. Kosa la jina au tarehe ndilo pekee lisilosubiri: liseme mara ulionapo, lisije likanakiliwa kwenye saizi nyingine zote.

8. Ni lazima nitaje nilichokipenda?

Ndiyo, na si kwa ajili ya adabu tu. Usipokitaja, mbunifu hajui kama kinapaswa kubaki, na anaweza kukibadilisha akidhani anakusaidia.

9. Naweza kumtumia kazi ya mtu mwingine kama mfano?

Tuma, lakini sema unachokipenda ndani yake. "Napenda nafasi tupu iliyoachwa kandokando" ni maelekezo. "Fanya kama hii" ni ombi la kunakili, na linaweza kuwaingiza nyote wawili kwenye matatizo ya hakimiliki. Mifano miwili au mitatu inatosha. Ukituma kumi na mitano inayopingana, umemrudisha alikoanzia.

## Njia na vifaa

10. Nitume maoni kwa WhatsApp, barua pepe au simu?

Zungumzeni kwa njia yoyote mnayoipenda, ila maamuzi yaandikwe mahali pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi napendelea barua pepe au waraka mmoja wa pamoja, kama ule wa Google Docs, kwa sababu wiki tatu baadaye naweza kuutafuta. Simu inafaa sana pale mnapoona hamwelewani. Mkimaliza, mmoja wenu aandike mistari mitatu ya mlichokubaliana na mwenzake ajibu "sawa".

Ujumbe wa sauti wa dakika saba humlazimu mbunifu ausikilize mara nne huku akiandika. Kama kuandika kwako ni tabu, rekodi, lakini anza kila jambo kwa kutaja ukurasa na mahali, na utume ujumbe mmoja kwa kila jambo.

Na jambo la kiufundi: WhatsApp hubana picha inapotumwa kama picha, hivyo usiitumie njia hiyo kupeleka picha zitakazochapishwa. Itume kama hati, au weka faili kwenye Google Drive na utume kiungo.

11. Nionyesheje mahali hasa ninapopazungumzia?

Kama kazi imeletwa kwa PDF, ifungue kwenye programu kama Adobe Acrobat Reader, ambayo ni ya bure, na uweke maoni juu ya sehemu yenyewe. Oni litabaki limebandikwa pale pale. Kama kazi iko kwenye Figma, programu ya kubunia inayofunguka mtandaoni, mbunifu akikupa kiungo unaweza kubonyeza sehemu na kuandika, naye atalifunga oni hilo akimaliza kulishughulikia.

Huna hivyo vyote? Piga picha ya skrini, weka duara na namba kwa kidole, kisha andika maelezo yanayofuata namba hizo kama kwenye swali la 6. Inatosha kabisa.

12. Maandishi yana makosa mengi. Niyatumeje?

Yaandike kwa namna ambayo mbunifu ataweza kuyanakili na kuyabandika. Picha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu inamlazimu achape upya, na kila anayechapa upya huongeza makosa yake. Kwa marekebisho machache, tumia mtindo wa "ilivyo" na "iwe":

> Ilivyo: Mafunzo yataanza saa 2 asubui.
> Iwe: Mafunzo yataanza saa 3 asubuhi.

Yakizidi kumi na tano katika ukurasa mmoja, tuma ukurasa mzima upya na useme wazi kwamba unachukua nafasi ya ule wa zamani. Usidhani kwamba mbunifu atagundua makosa ya lugha. Macho yake yako kwenye umbo la aya, na wengi hupokea kazi za lugha wasiyoizungumza.

13. Rangi ninazoziona si zile nilizoagiza. Nimwambie abadilishe?

Subiri kwanza. Simu nyingi zina hali ya usiku inayoifanya skrini iwe ya manjano, na kila skrini ina mwanga wake. Zima hali hiyo, tazama kwenye kifaa kingine, kisha uulize namba ya rangi iliyotumika. Rangi za skrini huandikwa kwa alama ya # na tarakimu au herufi sita. Ikilingana na ile rasmi ya kwenu, faili halina kosa.

Kwa kazi ya kuchapwa kuna sababu nyingine. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu (RGB), wakati mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi (CMYK). Baadhi ya rangi kali za skrini, hasa kijani kinachong'aa na bluu iliyokolea, haziwezi kupatikana kwa wino huo. Ukitaka uhakika, omba nakala moja ya majaribio iliyochapwa na uitolee maoni hiyo. Skrini haiwezi kuamua jambo hili.

14. Nampa mbunifu picha na kila mara ananiambia hazifai. Kwa nini?

Kwa uchapaji wa kusomwa mkononi, kipimo cha kawaida ni pikseli 300 (zile nukta ndogo zinazounda picha) kwa kila inchi. Picha ya kujaza ukurasa wa A4, wenye milimita 210 kwa 297, inahitaji takribani pikseli 2480 kwa 3508. Picha uliyoishusha kutoka mtandao wa kijamii mara nyingi ni ndogo kuliko hapo. Tafuta aliyeipiga, umwombe faili la asili.

15. Faili tuziite majina gani?

Jina la kazi, namba ya toleo, tarehe: *kipeperushi_t03_2025-03-09*. Tarehe inayoanza na mwaka hujipanga yenyewe kwenye folda. Epuka neno "mwisho" hadi kazi itakapoidhinishwa kwa maandishi, na katika kila oni taja namba ya toleo unalolizungumzia. Nimeshuhudia mtu akitoa maoni mazito juu ya toleo la wiki mbili nyuma, na yote yalikuwa yameshafanyiwa kazi.

## Mkiwa wengi

16. Tuko watano tunaotoa maoni. Nani azungumze na mbunifu?

Mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wote watano watoe maoni, na waamue wenyewe kwa wenyewe, kisha mmoja apeleke orodha iliyokubaliwa. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana: akikuta mmoja anataka picha kubwa na mwingine anataka picha iondolewe, ni lazima awakutanishe kabla ya kutuma. Kumtupia mbunifu maoni yanayopingana ni kumpa uamuzi ambao si wake, na atakayeshindwa atamlaumu yeye.

Kundi la pamoja la WhatsApp lenye mbunifu na wanakamati wote ndani yake ni njia ya kawaida, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko nyingine zote.

17. Bosi hutazama kazi mwishoni tu, halafu anabadilisha kila kitu. Tufanyeje?

Mwonyesheni toleo la kwanza, hata kama ni kwa dakika tano. Muulizeni jambo moja tu: "Mwelekeo huu ni sawa?" Kama hana nafasi kabisa, mjulisheni mbunifu mapema kwamba yuko mtu atakayeidhinisha mwishoni, na muiache awamu moja isiyotumika kwa ajili yake.

## Muda na malipo

18. Nijibu ndani ya muda gani?

Kubalianeni mwanzoni. Siku mbili au tatu za kazi zinatosha kwa kazi ndogo. Mbunifu wa kujitegemea ana wateja wengine, na ukikaa wiki tatu kisha ukataka toleo jipya kesho, nafasi yako imeshachukuliwa. Ukijua utachelewa, mwambie.

19. Awamu zimeisha na bado nina jambo la kurekebisha.

Uliza gharama ya awamu ya ziada na ukubali au ukatae kabla hajaanza. Kama kosa lililobaki ni la mbunifu, yaani uliliandika kwenye orodha na hakulifanya, hiyo si awamu mpya. Mwonyeshe namba ya oni na tarehe. Hapo ndipo faida ya kuweka maandishi (swali la 10) inapoonekana.

20. Si afadhali anipe faili la asili, lile analofanyia kazi yeye, nirekebishe mwenyewe?

Angalia mlichokubaliana. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao nchi nyingi duniani ni wanachama, mtunzi ana hakimiliki ya kazi yake bila kuisajili. Kulipia kazi hakumaanishi kila mahali kwamba umepewa pia faili la kazi au haki ya kulibadilisha. Wabunifu wengi hulitoa kwa malipo ya ziada. Kumbuka pia kwamba fonti zina leseni zake, hivyo faili linaweza kufunguka kwako likiwa na herufi tofauti kabisa.

Kama unajua tarehe au bei zitabadilika kila mwezi, sema mwanzoni. Atakutengenezea kiolezo utakachokijaza mwenyewe.

## Hali zisizo za kawaida

21. Mbunifu anakataa pendekezo langu.

Mwombe sababu. Mara nyingi anaona kitu usichokiona: maandishi ya kijivu hafifu kwenye nyeupe hayatasomeka juani, au nembo iliyosogezwa ukingoni itakatwa kiwandani. Akikupa sababu, ipime. Kama bado unataka lako, na si jambo la kuvunja sheria wala kunakili, kazi ni yako. Mwambie kwa heshima kwamba umemsikia na umeamua hivyo.

22. Nimeidhinisha, imechapwa, ndipo nimeona kosa.

Linganisha nakala iliyochapwa na faili uliloidhinisha. Kama kosa liko kwenye faili, kwa kawaida aliyeidhinisha ndiye anayebeba gharama, na ndiyo maana toleo la mwisho linapaswa kusomwa na mtu ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo, kwa sauti, akijaribu kila namba ya simu na kila kiungo. Kama faili liko sawa na karatasi haiko sawa, zungumza na mchapaji.

23. Nataka kurudi kwenye toleo la kwanza.

Sema hivyo bila kuzunguka, na utaje ni sehemu gani za baadaye unazotaka zihamie huko, mathalani namba za simu zilizosahihishwa. Usimwombe "achanganye" matoleo mawili bila kuonyesha kipi kinatoka wapi.

24. Awamu tatu zimepita na bado si penyewe. Niachane naye?

Kabla ya kuamua, acheni kurekebisha. Pigianeni simu na msome pamoja maelezo ya kazi ya mwanzo, mstari kwa mstari, kila mmoja akieleza alivyoyaelewa. Mara nyingi neno moja lilieleweka kwa namna mbili tangu siku ya kwanza, na marekebisho yote yalikuwa yanazunguka nje ya neno hilo.

Mkikuta mnaelewana vizuri na bado mkono wake hauendani na unachokitaka, tenganeni. Mlipe kwa kazi iliyofanyika kadiri ya makubaliano, mwandikiane ni matoleo gani unaruhusiwa kuyatumia, na utakapompata mwingine mpe orodha zako zote za maoni pamoja na maelezo ya kazi yaliyosahihishwa.